Barabara Iliyobadilisha Mkono

Mara tatu nimekataa kuiandika habari hii, na mara tatu ninyi majirani mmerudi mlangoni kwangu na daftari jipya, kana kwamba kilichokosekana ni karatasi. Haya basi. Nimekaa, nimeshika kalamu, msinisemeshe. Mtu akiona herufi zangu zimelala upande aziinue mwenyewe.

Naandika kwa sababu ya watu wa mjini tu. Haupiti mwezi bila mmoja wao kuteremka mlima, kusimamisha gari lake huku chini, kuagiza chai, na kuuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Hivi waliochora hii barabara walikuwa wamelewa? Kule juu wanaopanda wanahamishiwa upande wa wanaoshuka, wanaoshuka wanapelekwa upande wa wanaopanda, korongo zima katikati yao, halafu huku chini kila mtu anarudishwa kwake. Ndiyo akili gani hiyo?" Wenzake wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka.

Hakulewa mtu. Barabara ile ilipinduliwa na mwanamke mmoja asiyejua kusoma ramani. Kazini walimwita Bendera. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita, nimegombana naye kwa maji, kwa moshi, kwa kamba ya kuanikia nguo. Ninachokijua nitakisema, na nisichokijua nitakiacha kilipo.

Siku hizo barabara ilikuwa moja tu, imekatwa ubavuni mwa mlima. Mkono huu ukuta wa mwamba, mkono wa pili korongo ambalo ukidondosha kitu unaweza kupiga chafya mara mbili kabla hujakisikia kimefika. Kona zilikuwa kumi na moja. Ile ya sita ilikuwa nyembamba mno, malori mawili hayakuweza kupishana pale, na hapo ndipo Bendera aliposimama, mrefu, mkavu, kizibao cha rangi ya machungwa kifuani, bendera nyekundu mkono mmoja na ya kijani mkono wa pili. Akiinua nyekundu, kila mtu alisimama. Siku moja gari la mkubwa fulani lilimpigia honi mfululizo. Bendera akazikunja bendera zote mbili, akakaa chini, akafungua chupa yake ya chai.

"Endelea kupiga," akamwambia dereva. "Labda mlima utakusikia usogee."

Kazi yake ya pili ilikuwa mawe. Ukingoni mwa korongo, kutoka juu mpaka chini, yalipangwa mawe yanayofika gotini, na kila mwaka mvua zikiisha Bendera aliyapaka chokaa moja baada ya moja, kwa ndoo na brashi ya mkonge. Usidhani yalikuwa pambo. Ukungu ukishuka mlimani pale ni kama mtu kakufunika shuka usoni. Taa za gari hazisaidii, zinakurudishia weupe tu. Kwa hiyo madereva wa mlima ule walikuwa na namna yao: dereva anashusha kioo, anatoa kichwa nje, anaacha kabisa kutazama mbele, anatazama chini. Jiwe, jiwe, jiwe, jiwe. Akiona nafasi pana kati ya jiwe na jiwe, anajua kona imefika, anakata usukani. Nafasi hizo ni Bendera aliyezipanga, kwa hesabu ya hatua zake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Mgeni akishuka na ukungu alikuwa analia kama mtoto. Wenyeji walikuwa wanashuka huku wanapiga mluzi.

Sasa kilichomsimamisha pale miaka yote hiyo. Baba yao aliteremka mlima ule na lori la mbao, breki zikaungua, akaingia korongoni mchana kweupe. Nyumbani ililetwa kofia. Mama yao hakumaliza mwaka. Siku za mwisho alimwita Bendera kitandani. Bendera ana miaka kumi na saba, mdogo wake wa kiume ana sita, amekaa sakafuni anachezea kifuniko cha sufuria, anakizungusha kama usukani.

"Unamwona?" mama akasema. "Huyo, mlima usimle."

Ndio ulikuwa wosia wenyewe. Hakuachiwa kingine, wala hakuomba.

Basi akamlea. Alimkataza udereva kwa maneno, akamkataza kwa kununa, ikafika siku akamfungia ndani. Kijana akatokea dirishani, akaenda kujifunza lori. Bendera alipoona ameshindwa, akageuza: kama utashuka, utashuka ninavyotaka mimi. Gia ya kwanza tangu juu mpaka chini. Usiiguse ya pili hata ukimwona shetani nyuma yako. Kijana akashika hivyo, na wenzake wakamcheka, wakampa jina: Gia Moja. Alishuka kama konokono, na wale waliomcheka wawili kati yao walimfuata baba yake korongoni.

Kila alipofika kona ya sita dada mtu alimsimamisha, hata kama barabara nzima haina gari.

"Dada, njia nyeupe, unanisimamishia nini?"

"Nakuangalia kama bado una kichwa."

"Kipo. Na leo nimefungiwa breki mpya."

"Breki mpya, akili ya zamani."

"Akili nimeichukua kwako."

"Ungeichukua kwangu ungekuwa fundi cherehani, umekalia kiti. Nenda. Polepole."

Ndivyo walivyokuwa wakiamkiana miaka ishirini na miwili.

Ikawa hatimaye ajali zimekuwa nyingi mpaka wakubwa wakaona haya. Akaletwa injinia. Kijana wa miwani, viatu safi kiasi cha kutia huruma. Ofisi yake ilikuwa kontena la bati lililowekwa karibu na kona ya sita, ndani joto la kuokea mkate, meza moja, ramani imebanwa pembeni kwa vikombe visivyooshwa. Bendera akawa anaingia humo kuchota maji ya kunywa, na akiingia hatoki upesi. Akauliza ile mistari miwili ni ya nini.

Injinia alikuwa na adabu, akamweleza. Barabara ya zamani haiwezi kupanuliwa. Ukiulipua mwamba, mlima unakuangukia. Ukijaza upande wa nje, unajaza korongo, na korongo halijai. Kwa hiyo inajengwa ya pili, ng'ambo ya korongo, kwenye ubavu wa mlima wa jirani. Hiyo itakuwa ndefu, itazunguka sana, lakini mteremko wake utakuwa laini. Wanaopanda watapewa hiyo mpya. Wanaoshuka watabaki na ya zamani.

"Kwa nini anayepanda ndiye apewe ulaini?" Bendera akauliza.

"Kwa sababu, mama, anayepanda ana mzigo, injini inahangaika, anachelewesha watu. Halafu ndivyo mikono ilivyokaa. Upande ule ni wa wapandao, upande huu wa washukao, kama barabara zote. Hakuna wa kuchanganyikiwa."

"Mwanangu, kuchelewa kuna kaburi?"

"Sikuelewa, mama."

"Lori linalopanda likichoka, linasimama. Dereva anashuka, anaweka kizuizi nyuma ya tairi, anatukana, anavuta sigara, anapanda tena. Lori linaloshuka likichoka halijui kusimama. Sasa wewe unampa godoro yule mwenye miguu, kiwete unamlaza kwenye mawe. Umenielewa, au nikuchoree?"

Injinia akavua miwani akaifuta. Akasema jambo hilo linajulikana, hata chuoni wamelisoma, lakini ukibadilisha, kila gari litakuwa mkono usio wake. Itabidi kule juu wavukishane: wajenge daraja, washukao wapite juu, wapandao wapite chini yake. Na huku chini wavukishane tena. Kazi mara mbili. Wakubwa hawatakubali. Na madereva watapotea.

"Hawatapotea. Njoo."

Akamshika mkono wa shati, akamtoa nje kwenye jua la saa saba. Akainua bendera nyekundu. Malori manne yakasimama, moja likiwa la Gia Moja. Harufu ya breki ilikuwa nzito kama mpira unaochomwa.

"Temea mate gurudumu hilo. Pale kwenye chuma."

Injinia akasita, msomi hatemi mate mbele za watu. Bendera akamtazama mpaka akatema. Mate yakalia chsss, yakapotea.

Gia Moja akachungulia kutoka juu. "Injinia, karibu mlimani. Umetumwa kututemea mate?"

"Huyo," Bendera akasema, "ni mdogo wangu. Ndiye anayeshuka polepole kuliko wote hapa. Chuma chake ndicho hicho. Wenye haraka hata usiwaguse."

Injinia alikaa kona ya sita siku nne, na daftari, na chupa ya maji, anasimamisha, anagusa, anaandika. Siku ya tano aliikunja ramani akaenda nayo kwa wakubwa. Aliporudi baada ya wiki tano alikuwa amekonda, na ramani ilikuwa nyingine. Washukao ng'ambo, kwenye ulaini. Wapandao kwenye barabara ya zamani, wapande mwamba wao taratibu. Daraja juu, njia ya chini huku bondeni. Hiyo ndiyo sababu, enyi watu wa picha. Hakuna nyingine.

Ujenzi ulichukua miaka mitatu. Mwaka wa mwisho Bendera alitembea kifua mbele mpaka hatukuweza kuishi naye. Ukisema jua kali, atakwambia ng'ambo kuna kivuli. Ukimwomba kijiko, atakukumbusha nani aliyemtemesha injinia mate. Na alikuwa na haki. Lakini mtu akishakuwa na haki mara moja, kubwa namna ile, anaanza kudhani haki imehamia kwake, inalala chumbani kwake.

Wiki ya kufungua, injinia akamwita.

"Mama, yale mawe ya juu. Kuanzia pale njia inapogawanyika mpaka kona ya pili. Yaondolewe. Yavingirishwe mbali kabisa."

"Yana kosa gani?"

"Yanamwita mtu."

"Mawe yanaita? Hayo umeyasoma chuo kipi?"

"Dereva wa siku zote akiyaona atayafuata, mama. Na njia ile sasa ni ya wapandao. Atakutana nao uso kwa uso."

"Madereva wa mlima huu si ng'ombe. Kibao umeweka?"

"Nimeweka."

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Basi. Watasoma."

Yeye mwenyewe hakujua kibao kile kimeandikwa nini. Injinia akasema tena, kwa upole, yaondolewe. Bendera akasema kesho. Keshokutwa yake injinia akahamishiwa kazi nyingine mbali, akaacha orodha kwa nyapara: hiki kifanywe, hiki kifanywe, mawe yaondolewe. Nyapara alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeuogopa ulimi wa Bendera kuliko baruti.

"Ehh, Mama Bendera, yale mawe..."

"Nimesema kesho. Au unataka kuyabeba mwenyewe na hicho kitambi?"

Nyapara akatia alama kwenye orodha kwamba yameondolewa, akitumaini kesho itafika.

Na mimi nilimwona kwa macho yangu siku ile alasiri, anapandisha mlima na ndoo ya chokaa. Nikamuuliza anakwenda wapi na kazi yake imekwisha. Akanijibu kwamba barabara ya zamani haiwezi kukaa chafu mbele ya mpya, kama mke mkubwa aliyesahauliwa siku ya harusi. Akayapaka. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiyapaka. Kona ya sita walishamnyang'anya, maana wapandao tu hawahitaji bendera. Mawe ndiyo yaliyobaki yakimwita kwa jina. Namwelewa. Kumwelewa mtu hakumsaidii kitu.

Siku kumi na nne za mwanzo waliweka mtu wa bendera kule juu kwenye mgawanyiko, na mtu huyo akawa yeye. Kila lori lililofika, alilionyesha: huku, daraja hili, huku. Gia Moja alipopita mara ya kwanza alishuka mpaka chini, akageuza, akapanda tena mlima mzima kuja kumwambia.

"Dada, ni kama kushuka kitandani."

Bendera akaenda kwenye gurudumu, akaweka kiganja juu ya chuma. Akakiacha. Alikaa hivyo kitambo, mpaka Gia Moja akauliza kama anataka kulinunua. Alikuwa anamwambia mama yake kimoyomoyo, ndivyo alivyonieleza jioni, na ilikuwa mara ya pekee nimemwona ametokwa na chozi bila moshi jikoni.

Jambo moja hakuliona, wala sisi hatukuliona. Siku zile kumi na nne hakuna dereva aliyejifunza njia. Walikuwa wakifuata mkono wake.

Siku ya kumi na nne nyapara alimuuliza, "Tuongeze wiki mbili za bendera, mama? Bado hawajazoea." Bendera akasema mtu mzima haongozwi chooni mara mbili. Wakaondoa bendera.

Siku ya kumi na tano ukashuka ukungu.

Gia Moja alikuwa na mzigo wa viazi, magunia mpaka juu ya kichwa cha lori. Kilichotokea alikieleza mara moja tu, kwa mke wake, na mke wake akanieleza mimi. Alifika kwenye mgawanyiko hakuona kitu. Hakuna bendera, hakuna daraja, hakuna kibao, weupe mtupu. Akafanya kile anachokifanya miaka ishirini na miwili: akashusha kioo, akatoa kichwa, akatazama chini. Na chini pale, safi, limepakwa juzijuzi, akaliona jiwe. Halafu la pili. "Mkono wangu ulifurahi," alimwambia mke wake. "Ulifurahi kabla mimi sijafikiri."

Akafuata. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Gia ya kwanza, polepole, mluzi mdomoni. Alipokaribia kona ya pili akasikia honi mbele yake, mahali pasipo na honi, kisha taa mbili za manjano zikatokea kwenye ukungu zikipanda, lori la matofali.

Mkono huu korongo, mkono huu mwamba. Akauchagua mwamba. Kwa kuwa alikuwa gia ya kwanza lori lilimtii, likapigiza uso ukutani, na lile la matofali likamkwaruza ubavu likasimama. Dereva wake alivunjika mbavu mbili. Kichwa cha lori la Gia Moja kilikunjwa kama kopo, na mguu wake wa kulia ukabaki ndani ya ule mkunjo. Viazi viliendelea kushuka barabara ya zamani peke yake, kona baada ya kona. Watu wa chini waliviona vinafika ndipo wakajua kuna jambo.

Bendera alikuwa anafua. Kiazi kimoja kiliingia uani kwetu. Alikitazama, akaliacha shati kwenye karai, akaondoka na mikono yenye povu.

Hospitalini kuna benchi refu la mbao kwenye ujia, na ukuta wake umepakwa rangi ya kijani mpaka begani. Wifi yake alikuwa ameshafika. Bendera akakaa upande wa pili wa benchi.

"Wifi," akasema.

"Usiniite."

"Wamesema nini?"

"Wameukata."

Muuguzi akapita na ndoo iliyofunikwa kitambaa, na wote wawili wakatazama sakafu.

"Nilifikiri mawe yale yameondolewa," wifi akasema baadaye, taratibu, bila kugeuka. "Mume wangu alinionyesha siku tulipopita na basi. Akasema, tazama dada alivyo, kayapaka tena. Akacheka. Anakupenda sana, unajua? Alicheka."

Jioni ileile watu wa kampuni iliyojenga barabara walipeleka greda wakayasukuma mawe yote korongoni. Asubuhi yake hapakuwa na jiwe, ila orodha yenye alama ya nyapara: yameondolewa. Kibao kipo. Kwa hiyo kosa ni la dereva. Kuendesha kinyume cha njia, uzembe, kujeruhi. Walisema akishapona atasimama mbele ya hakimu, na uzembe wa namna hiyo hauendi bila kifungo.

Hapo ndipo Bendera alipokuwa na siku tatu ambazo sikumsikia akigombana na mtu. Nilimwona mlangoni kwake, amekaa, hajafunga kitambaa kichwani. Mlima haukumla mdogo wake. Ulikuwa umemtafuna ukamtema, na sasa watu walikuwa wanamchukua kilichobaki.

Siku ya uchunguzi hakuitwa. Ilikuwa ofisi ndogo, madirisha ya nondo, feni iliyokufa, mkuu wa uchunguzi nyuma ya meza na karatasi zake, mtu wa kampuni na tai yake, nyapara kwenye kiti cha pembeni. Bendera aliingia na kizibao chake cha machungwa, amekifua, amekipiga pasi.

"Mama, hapa ni faragha," mkuu akasema.

"Najua. Nimekuja kwenye faragha. Mawe hayakuondolewa."

Mtu wa kampuni akasema orodha inaonyesha yaliondolewa.

"Orodha haijui kubeba mawe. Niliambiwa mimi niyaondoe. Niliambiwa mara mbili, na mtu mwenye akili kuliko mimi. Nilikataa."

"Kwa nini?" mkuu akauliza.

Ninavyomjua, hapo angeweza kupata maneno hamsini. Akasema, "Kwa kiburi."

Mkuu akachukua kalamu.

"Na nikayapaka chokaa upya, juu ya hayo. Nikaulizwa bendera ziendelee, nikasema hapana, madereva wetu si ng'ombe. Mdogo wangu hakuendesha kinyume. Alifuata alama za barabara, na alama za barabara ni mimi. Andika."

"Una ushahidi, mama? Maana hakuna jiwe hata moja kule."

Hakuwa nao. Kiti cha pembeni kikalia, nyapara akisimama kwa shida, anatazama viatu vyake.

"Ni kweli," akasema. "Ile alama niliitia mimi. Nilimwogopa."

Wakaandika. Bendera akabonyeza kidole gumba chini ya maneno ambayo hakuweza kuyasoma, na akataka asomewe mara mbili, asije akasamehewa kitu kwa bahati mbaya.

Gia Moja hakufungwa. Leseni alinyang'anywa, ingawa sijui angeitumia kwa mguu gani. Nyapara alifukuzwa. Bendera aliondolewa kwenye orodha ya wafanyakazi wa barabara, na watu huku chini, walewale waliokuwa wakimpigia makofi, wakaanza kumnyamazia dukani.

Alimpelekea mdogo wake uji siku aliyotolewa hospitali. Wifi alifungua mlango, akampisha, akatoka nje. Gia Moja alikuwa kitandani, shuka limelala bapa pale palipokuwa na mguu.

"Ungenyamaza," akamwambia.

"Ungefungwa."

"Ningefungwa, nikatoka. Sasa mlima mzima unajua. Dereva wa miaka ishirini na miwili, kafuata mawe kama kondoo. Dada, mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wengine."

"Kosa ni langu. Nimesema mbele yao."

"Ndiyo. Na hata kosa umenichukulia. Njia ulinichagulia wewe, gia ulinichagulia wewe. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu, hata kama ni jela."

Bendera akaweka bakuli juu ya kijimeza. Mikono ya watu wa familia ile haijui kushikana. Wote wawili walikuwa wanalitazama bakuli.

"Kunywa kabla haujapoa," akasema, akatoka.

Mwezi uliofuata wifi aliuza vitanda, wakahama wakaenda kwa ndugu za mwanamke, nchi za tambarare, mbali, mahali ambapo wanasema unaweza kuendesha siku nzima bila kukanyaga breki. Hawakuaga. Ni miaka tisa sasa. Hakuna barua, hakuna salamu.

Tangu barabara ile ibadilishe mkono sijasikia lori lililoungua breki likaingia korongoni. Watu wanashuka hai kila siku, wanakuja kunywa chai na kuuliza nani alilewa. Bendera anawasikia, dirisha lake linatazama mkahawa. Siku za ukungu hali kitu mpaka ukungu uondoke. Mwaka jana alimwita fundi, akavunja ngazi tatu za mlango wake, akaweka mteremko wa saruji, mrefu mno, mpaka unaziba nusu ya ua wetu na ninaukwaa kila nikitoka na ndoo. Nilipomlalamikia aliniambia tu kwamba mtu wa magongo hawezi ngazi. Mtu gani wa magongo? Hakuna mtu wa magongo anayekuja pale.

Basi mmepata mlichotaka. Sasa ni zamu yenu. Wewe unayesoma, kama kazi yako ni ya kusafiri nchi za tambarare, uliza. Mwanamume wa makamo, mguu mmoja, wa kulia haupo, mrefu, anapiga mluzi akifikiri. Ukimpata usimtake msamaha kwa niaba ya mtu, hilo si lako. Mwambie ngazi hazipo tena. Mwambie mwenye nyumba ana miaka sitini na moja na kifua kinamsumbua. Halafu keti hapo mbele yake mpaka akupe jibu, liwe zuri liwe baya, uliandike kama alivyolisema, ulilete huku chini ya mlima, mlango wa pili baada ya mkahawa. Usiniambie huna nafasi. Nafasi ya kusoma mpaka hapa umeipata wapi?